Benchi la Mlonge

Olinda alifika ofisini saa sita mchana na bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, lililofunikwa kwa kitambaa, akamkuta mumewe amepakwa namba.

Namba ilikuwa kwenye muundi wa mguu wa kushoto, kwa rangi nyeupe ya mafuta, bado mbichi. Juu herufi za kuonyesha kwamba ni mali ya serikali, chini tarakimu, na zote zimenyooka, kwa sababu Mikaeli, karani wa vifaa, hakuwa mtu wa kupakapaka ovyo. Kila Juni, mwaka wa serikali ukikaribia kufungwa, Mikaeli huzunguka ofisi nzima na kopo lake, brashi yake na kibati chake kilichotobolewa herufi. Hupaka viti, meza, makabati, ngazi, hata pipa la takataka. Siku ile alifika barazani, akalikuta benchi la wageni, na juu ya benchi Mwalimu Gaudensi kasinzia, suruali imepanda mpaka gotini.

"Nilimkuta hapo Juni iliyopita, na ile ya kabla yake," Mikaeli alimweleza Olinda, bila ubaya wowote. "Kitu nikikikuta mahali pamoja Juni tatu, mama, hicho ni cha ofisi. Ndio utaratibu."

Ni kweli Gaudensi alikuwa hapo. Alikuwa hapo tangu alipostaafu. Maisha yake yote alifundisha katika shule za misheni huko mdomoni mwa Ruvuma, mahali ambapo mto ukifurika mwalimu hutundika ubao mtini na kufundisha watoto wakiwa ndani ya mitumbwi. Serikali ilipozichukua shule zile ilichukua madawati, ikachukua mabati, ikachukua kengele na miembe ya uani. Miaka ya walimu haikuichukua. Idara ya elimu ilisema miaka hiyo ni ya mapadri, pensheni waidai huko huko. Mapadri wakasema shule si zetu tena, nendeni idarani. Gaudensi akaenda idarani, akaambiwa, "Kaa hapo kidogo, Mwalimu." Yeye ni mtu mtiifu, akakaa. Wenzake wakaidi walikwenda zao kulima korosho, na kusema kweli walifanya la maana.

"Baba Modesta, umepakwa," Olinda alisema.

"Nimeona. Inawasha kidogo."

"Twende nyumbani nikakusugue."

"Nimejaribu kusimama," alisema Gaudensi. "Mguu umekuwa mti."

Olinda aliugonga kwa kidole. Ulikuwa mti. Akamlisha ming'oko, akangoja amalize, akaosha bakuli bombani, kisha akaenda Ufukoni kumwita kaka yake.

Jeronimo alikuwa mchonga vinyago. Yeye na Olinda walivushwa Ruvuma na mama yao, mmoja mgongoni, mwingine mkononi, wakikimbia kazi za shuruti za Wareno, na mali pekee waliyovuka nayo ilikuwa tezo ya baba yao. Alipiga magoti mbele ya shemeji yake, akagonga muundi kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akakwangua kidogo kwa ukucha na kunusa.

"Ingekuwa mpingo ningenyamaza," alisema. "Mpingo una heshima yake. Huyu ni mlonge."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wamekosea, dada. Mlonge hauna mbao. Majani yake mboga, mizizi dawa, mbegu zake unasafishia maji ya kunywa. Mti wa kulisha watu, hawa wanataka kuukalia." Akaitazama tena namba. "Na alama yenyewe wameiweka mtu akiwa usingizini. Sisi tunachanjwa usoni, mtu yuko macho anauma meno, na anayekuchanja anamjua mama yako. Ya kuwekwa usingizini haina aliyeikataa. Itashika."

Ilishika. Olinda alisugua kwa mafuta ya taa, akasugua kwa majivu, akasugua kwa msasa wa kaka yake mpaka Gaudensi akamwomba aache. Kufikia msimu wa mabibo alikuwa ameshalala chali moja kwa moja. Miguu ndiyo iliyokuwa miguu ya benchi, kifua na tumbo ndio ubao wa kukalia, mikono imekuwa ya kuegemea, na uso umebaki mwishoni upande wa kulia, pale wageni wanapoweka kofia. Benchi la zamani lilihamishiwa ofisi nyingine. Walimu wastaafu waliokuja kuulizia pensheni zao walisema, "Samahani, Mwalimu," kisha wakakaa.

Olinda alimwendea Mikaeli kumwomba amfute.

"Kufuta sina mamlaka," alisema Mikaeli. "Kufuta ni kazi ya bodi ya vifaa vibovu. Wakikuta ni bovu, linachomwa moto. Wakikuta ni zima, halitoki."

"Na kama ni mtu?"

Mikaeli alifikiri kwa dhati, maana alikuwa mtu wa kufikiri. "Bodi ya watu hatuna," alisema.

Ndipo Olinda alipokwenda kwa Mheshimiwa Mbunge. Mheshimiwa huyu alikuwa mwanafunzi wa Gaudensi. Ni Gaudensi aliyemfundisha kushika kalamu, na tangu siku hiyo hajaiweka chini wala hajaandika nayo neno la maana. Wakati wa njaa alikuwa akija nyumbani kwa mwalimu wake kula, na Olinda ndiye aliyempakulia. Sasa alikuwa na tumbo la mtu aliyechaguliwa mara mbili. Alisikiliza habari yote ya mlonge akichokonoa meno, na ilipofika mwisho uso ukamng'aa, kwa sababu kikao cha Bunge kilikuwa kinakaribia na hakuwa na la kusema.

"Mama, umekuja wakati mzuri," alisema. "Kuna swali la pensheni za walimu asubuhi, na mchana ule ule kuna muswada wa kulinda mali ya umma. Nitampeleka. Wamwone kwa macho yao."

"Atarudi nyumbani?"

"Akitoka Bungeni, mama, atakuwa mtu kamili."

Walisafiri kwa meli ya mwambao. Gaudensi alikwenda kama shehena, Olinda kama abiria wa sitahani, na mkuu wa shehena, ambaye hakuwa na roho mbaya, alimruhusu ashuke chini mara moja kwa siku kumpangusa chumvi usoni.

Dar es Salaam kulikuwa na joto. Gaudensi aliwekwa katikati ya ukumbi, juu ya mkeka, asije akachubua sakafu. Olinda alipelekwa juu kwenye roshani ya wageni, akaelezwa na askari kwamba hapa hapapigwi makofi, hapasemwi, na bakuli hilo ulifunike.

Asubuhi Mbunge alisimama akauliza swali lake. Je, serikali itawalipa lini pensheni walimu wastaafu waliofundisha shule za misheni? Aliyejibu kwa niaba ya serikali alisema kwamba serikali inalifahamu sana jambo hilo, inawathamini sana walimu, inaendelea kulishughulikia, na jibu litatolewa wakati wake ukifika. Waheshimiwa wakagonga meza. Mbunge alikuwa na haki ya swali la nyongeza. Alitazama saa ya ukutani, akaona chai imekaribia, akakaa. Jambo la maisha ya Gaudensi lilichukua muda wa kumenya chungwa.

Baada ya chakula ulikuja muswada wa kulinda mali ya umma, na hapo ndipo walipoamka. Mheshimiwa mmoja alishuka kutoka kitini kwake, akalizunguka benchi, akauliza kwa uchungu kwa nini halijapakwa vanishi. Mwingine, wa bara, aligundua ufa pembeni mwa ubavu, akasema, "Mheshimiwa Spika, hili ni jasho la mkulima, na jasho la mkulima limeachwa linapasuka." Wa tatu alitaka kujua kama limewahi kunyeshewa, na kwa amri ya nani. Mzee mmoja mnene alilipapasa kwa kiganja, polepole, mpaka ikabidi apewe maji. Alasiri nzima walilisema benchi lile kwa huruma ambayo Gaudensi hakuonja hata kijiko chake siku zote za kukaa barazani. Olinda aliwatazama toka juu. Kama wangempenda hivi akiwa na miguu, aliwaza, tungekuwa nyumbani tunakula.

Mbunge wao naye hakuwa mjinga wa mambo kama hayo. Alipoona meza zinavyogongwa alisimama tena, na habari ya pensheni haikumtoka tena mdomoni. Alisema ni yeye, kwa juhudi zake mwenyewe, aliyelileta benchi hili kutoka Mtwara, ili Bunge lione jinsi mali ya umma inavyoteseka kusini. Meza ziligongwa mpaka wino ukamwagika.

Hapo Gaudensi akasema.

"Mimi ni mwalimu," alisema.

Alitumia ile sauti ya kumfikia mtoto aliye kwenye mtumbwi wa nyuma kabisa, na ilifika hadi roshani. Spika aliinama kwa katibu, wakanong'ona, kisha akatoa uamuzi.

"Mgeni haruhusiwi kusema ndani ya Bunge hili," alisema Spika. "Kama aliyesema ni mtu, basi ni mgeni, atatolewa nje sasa hivi, na mjadala wetu utakosa kielelezo. Kama ni benchi, basi halikusema. Nawahoji. Wanaoafiki kwamba ni benchi waseme ndiyo."

Ndiyo ikapanda mpaka darini. Katika ndiyo zile Olinda aliitambua moja, nzito, ya mtu aliyeshiba. Hasira ilimjaa hata akaona giza. Alisimama, mdomo umefunguka, na askari akamwekea mkono begani, kwa upole tu, akambonyeza akae. Alikaa. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote ya siku ile, kwamba alibonyezwa akakaa.

Wanaokataa hawakuwapo. Maneno ya Gaudensi yaliondolewa katika kumbukumbu za Bunge, na muswada ukapita.

Alirudi Mtwara anang'aa. Walimpaka vanishi mara mbili, wakaziba ule ufa kwa gundi, na kwa mujibu wa sheria mpya wakamwekea mlinzi. Mlinzi aliitwa Filipo, kijana mpole wa Rahaleo, jirani kabisa wa Olinda. Alipewa koti, rungu na filimbi. Mshahara wake haukuchelewa hata mwisho mmoja wa mwezi, na barua yake ya ajira ilisema wazi kwamba siku akistaafu kulinda benchi atalipwa pensheni. Walimu wastaafu sasa walisubiri wakiwa wamesimama, maana kulikalia ilikuwa kulichakaza. Olinda aliruhusiwa kusimama mbele yake saa ya chakula, hatua mbili nyuma ya kamba.

Gaudensi hakusema tena. Vanishi ilikuwa imemwingia mdomoni.

Masika yalipoanza, paa la baraza lilivuja, kama lilivyovuja kila mwaka, na matone yakamwangukia pale zamani palipokuwa na mkono wa kulia. Baada ya siku chache akachipua. Vilikuwa vijiti viwili vyembamba, na majani madogo madogo ya kijani kibichi. Aliyewahi kuchomeka ufito wa mlonge kwenye uzio hatashangaa, na pale hakushangaa mtu. Mikaeli alisema benchi halina ruhusa ya kuota, akaleta mkasi, akavikata, akavitupa kwenye lile pipa.

Olinda alikuwa upande wa pili wa kamba na bakuli lake.

"Filipo, mwanangu," alisema. "Pipa lina namba. Takataka nazo zina namba?"

Filipo aliwaza kidogo. "Takataka sikuambiwa, mama," alisema, akageuka kutazama barabarani.

Olinda aliviokota pipani, akavichomeka nyumbani Rahaleo, karibu na bafu, mahali maji ya kuogea yanapotiririkia. Kimoja kilikufa. Kimoja kilishika, na mlonge ukishika haukawii. Mwaka haukwisha kabla haujalipita paa. Majani yake yalikuwa na vumbi jeupe lisilooshwa na mvua, ukiyashika linabaki vidoleni kama la chaki. Alfajiri mti ulikohoa. Kilikuwa kile kile kikohozi cha Gaudensi, mara mbili kavu, ya tatu ndefu, cha mtu aliyefuta ubao maisha yake yote. Olinda akikisikia huamka na kuwasha moto. Huko ofisini uso ulikuwa umefifia pale mwishoni upande wa kulia, umebaki mistari ya mbao tu, na Filipo alipogeukia barabarani Olinda akagonga, hapakuwa na mtu. Basi alielewa. Amekuja nyumbani kwa njia aliyoipata. Akaacha kwenda kule na bakuli, akakaa na mumewe uani, akamsimulia ya sokoni, ya Modesta aliyejifungua huko Masasi, ya nani kafa na nani kaoa mke wa pili bila aibu. Jioni alichuma majani machache, akayapika na kunde. Alikuwa na furaha, na hakumficha mtu.

Furaha yake haikupita Juni.

Mikaeli alikuja na kopo, brashi na kibati. Alipiga hodi kwa adabu, akasalimu, akasimama kuutazama mti. Mti ulikohoa.

"Ndio huu," alisema.

"Huo ni wangu, Mikaeli. Nimeupanda kwa mkono wangu, nimeumwagia maji yangu ya kuogea."

"Chipukizi limetoka wapi, mama?"

Olinda aligeuka kuutazama mti.

"Kilichotoka kwenye mali ya umma ni mali ya umma. Mimi sina chuki na wewe, wala na Mwalimu." Akachutama, akapangusa gome kwa kiganja, akabandika kibati. "Na majani usichume tena mpaka uombe kibali. Kibali bado hakijatengenezwa."

Alipaka taratibu, namba ikatoka safi. Olinda alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, na hakuondoka hapo. Alivuta kanga, akanyoosha mguu wa kushoto mbele ya brashi.

"Nipake na mimi. Miaka yote hii nimelala naye, na mtoto nimemzalia. Mmechukua shule, mmemchukua yeye, mmechukua mti. Mimi mbona mnaniacha?"

"Binadamu hapakwi, mama."

"Yule mlimpaka."

"Yule alikuwa amekaa," alisema Mikaeli. Akamtazama, akaitazama brashi, ambayo ilikuwa bado na rangi. Akakitazama kinu. "Nawe umekaa hapo tangu lini?"

Olinda aliutazama mguu wake mwenyewe, ule muundi mweusi wenye kovu la tezo la utotoni. Ukweli ni kwamba alitaka. Kwa pumzi moja alitaka wampake wamalize, wamweke hapo hapo, awe mti kando ya mti. Kisha akaikumbuka ile ndiyo nzito ya mtu aliyeshiba, na mkono wa yule askari begani. Akasimama.

"Sijakaa," alisema.

Mikaeli alifunika kopo lake akaenda. Filipo alihamishiwa uani kwa Olinda siku iliyofuata, na koti lake na rungu lake, na kamba ikazungushwa mti. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa jirani, na kwa kuwa mtu hawezi kushinda uani kwako na njaa, Olinda alimpikia. Mlinzi alikula chakula cha mwalimu na kupokea mshahara wa kumlinda mwalimu. Tena alikuwa na aibu yake, anakula ameinama, hiyo tumsifu.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, Mheshimiwa Mbunge alikuja kutembelea mti. Alikuja na gari la ofisi, na watu wa kushangilia, na viti. Alisimama mbele ya kamba akasema hapa ndipo alipo mwalimu wake, mtu aliyemfundisha kushika kalamu, na kwamba yeye binafsi amepigania mti huu ulindwe, na umelindwa. Kuhusu pensheni, alisema, serikali inalifahamu sana jambo hilo na inaendelea kulishughulikia. Watu wakapiga makofi. Mti ulikohoa, mara mbili kavu, ya tatu ndefu, na Mheshimiwa akangoja uishe, akaendelea.

Katikati ya hotuba alimwona Olinda kasimama juani, peke yake, mwanamke mzima kwenye uwanja wake mwenyewe. Akaamuru kwa sauti ya huruma mama aletewe kiti. Kiti kikaletwa, kikawekwa nyuma yake, karibu kabisa, hata ubao ukamgusa mapajani.

Olinda aligeuka akainama, akatazama mguu wa kiti. Namba ilikuwapo. Akanyooka, akabaki amesimama mpaka hotuba ilipokwisha.